Mshauri Mmoja, Walimu Wengi

Hotuba juu ya mafunzo ya washauri nasaha, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Halmashauri yenu ilinitaka nizungumze juu ya mafunzo ya washauri nasaha, yaani wale watu ambao kazi yao ni kukaa na mwenye dhiki, kumsikiliza, na kumsaidia auone mwenyewe mlango wa kutokea. Sitawachosha kwa habari za vyeti na mitihani. Nataka kusema jambo moja tu, nalo ni hili: dhiki ya mwanadamu haiji imegawanywa kwa idara. Kwa hiyo mtu atakayeipokea hapana budi afundishwe na walimu wa elimu mbalimbali. Tena walimu hao wafundishe pamoja, wala si kila mmoja peke yake katika chumba chake.

Kutoa nasaha si jambo geni kwetu. Pwani msichana alikuwa na somo wake wa kumfunza mambo ya utu uzima. Bara kijana aliyetahiriwa alikuwa na mlezi wake. Mume na mke waliogombana walikalishwa mbele ya wazee wa pande zote mbili, wakasikilizwa mpaka jua likatua. Mzee aliyekaa barazani alijua mpaka wa shamba, alijua nani amezaliwa na nani, alijua ni ugonjwa gani uliopita katika nyumba ile miaka iliyopita, na alijua maneno yanayotuliza na maneno yanayochoma. Elimu hizo zote zilikaa pamoja katika baraza moja.

Tusiyasifu mno mambo ya kale, maana baraza hizo zilikuwa na upungufu wake. Mara nyingi mwanamke hakupewa nafasi ya kusema kwa kinywa chake, mtoto hakuulizwa neno, na siri ya mtu ikawa habari ya kijiji kizima kabla ya usiku kuingia. Lakini tukubali kwamba tulipohamia mjini, tukaingia katika kazi ya mshahara na maisha ya chumba cha kupanga, baraza lilivunjika na elimu zake zikatawanyika. Mwili ukaenda kwa daktari, shamba likaenda mahakamani, roho ikaenda kwa padre au shehe, na mtoto akaenda kwa mwalimu. Kila mmoja ana kidirisha chake, na mwenye dhiki huzunguka toka foleni hii hata foleni ile, akieleza kila mahali kipande kimoja tu cha taabu yake.

Hapa Kenya wazo la kukusanya elimu mahali pamoja lina historia yake. Shule ya Jeanes, iliyoanzishwa Kabete mwaka 1925, iliwachukua walimu wa vijijini pamoja na wake zao, ikawafunza mambo ya shule, afya, ukulima na utunzaji wa nyumba. Baada ya Vita Vikuu vya Pili shule hiyo iliwafunza pia watumishi wa ustawi wa jamii, na mwaka 1961 mahali pale pakawa Taasisi ya Utawala ya Kenya. Tuna haki ya kuuliza mengi juu ya nia za serikali ya kikoloni katika elimu ya Mwafrika. Lakini wazo kwamba afya, shule na nyumba ni mambo yanayoshikana, wala mtumishi hawezi kusaidia moja akiwa kipofu wa mengine, lilikuwa wazo jema, nalo lafaa kuokotwa tena.

Kazi ya ushauri nasaha kama tuijuavyo leo ilikua polepole, na mara nyingi ilisukumwa na misiba. Mwaka 1971 Wizara ya Elimu ilianzisha sehemu ya uelekezaji na ushauri kwa ajili ya shule. Mwaka 1979 kituo cha Amani kilifunguliwa Nairobi ili kutoa ushauri na kufunza washauri. Ndipo ilipofika tarehe 7 Agosti 1998, siku ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katika jiji letu. Zaidi ya watu 200 walikufa hapa Nairobi na maelfu wakajeruhiwa. Wengi walikuwa wamesogea madirishani kutazama kulikuwa na nini, na vioo vikawapiga machoni. Tafadhalini mfikiri kidogo juu ya mtu mmoja katika hao, aliyepoteza macho akiwa na kazi, mke na watoto. Alihitaji daktari wa macho, mwalimu wa kusoma kwa vidole, mtu wa kusema na mwajiri wake, na mtu wa kukaa naye katika usiku ule mrefu wa moyo. Mshauri aliyejifunza kusikiliza tu alimfaa, lakini hakumtosha.

Tena ukaja ugonjwa wa UKIMWI, uliotangazwa mwaka 1999 kuwa janga la taifa. Maelfu ya watu walifunzwa kwa haraka ili wakae na wale wanaokuja kupimwa. Mwaka 2001 viboko vilipigwa marufuku shuleni, na mwalimu wa ushauri, ambaye pengine alikuwa na vipindi vya hisabati kutwa nzima, akaongezewa mzigo wa nidhamu ya shule. Mwishowe, mwaka 2014, Bunge lilipitisha sheria ya washauri na wanasaikolojia, ikiunda bodi ya kuwaandikisha na kuwapa leseni. Sasa kazi hii ina mlango na bawabu. Swali linalobaki ni juu ya yule anayepita mlangoni: amefunzwa nini, na amefunzwa na nani?

Ili nisiseme kwa mafumbo, nitatoa mfano. Mama ninayemtaja si mtu fulani, lakini wengi wenu mtamtambua. Ni mjane wa miaka arobaini na kitu. Mumewe alifariki mwaka uliopita. Anamwambia mshauri kwamba halali usiku, moyo wamwenda mbio, amekonda, na watoto amekuwa akiwapigia kelele bila sababu. Mshauri aliyefunzwa njia moja tu atamfundisha kupumua polepole, atamwuliza juu ya majonzi yake, na atamwambia arudi baada ya wiki moja. Hayo yote ni mema. Lakini huenda mama huyu ana tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi. Ugonjwa huo huleta moyo kwenda mbio, kukonda na kukosa usingizi, na hakuna mazungumzo yatakayouponya. Tena huenda shemeji zake wameanza kulima shamba la marehemu na kumwambia afungashe vitu vyake. Ikiwa ndivyo, usingizi wake u katika ofisi ya msajili wa mahakama.

Mshauri aliyekaa chini ya mwalimu wa sheria angejua kwamba chini ya Sheria ya Urithi ni kosa mtu kuingilia mali ya marehemu bila idhini ya mahakama. Angejua kwamba mjane aweza kuomba hati ya usimamizi wa mirathi, na kwamba safari hiyo kwa kawaida huanza kwa barua ya chifu inayowataja warithi. Ikiwa mama huyu ni Mwislamu, angejua kumwelekeza kwa Kadhi. Hatumtaki mshauri awe wakili. Twataka ajue tu kwamba mlango upo, uko wapi, na mtu huuendea akiwa na karatasi gani mkononi.

Mwalimu wa sheria ana jambo jingine la kufundisha, zito kuliko hilo. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji. Mtu aliyeokolewa kamba shingoni aliweza kutolewa hospitali na kupelekwa kituo cha polisi. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho chapingana na Katiba. Mshauri asiyeijua habari hii aweza kumtisha kwa sheria mtu ambaye tayari amekata tamaa, au aweza kuinyamazisha jamaa yake iliyokuwa tayari kuomba msaada. Kutojua kwa namna hiyo kwaweza kugharimu roho ya mtu.

Mwalimu wa udaktari naye si wa kumfanya mshauri awe tabibu. Kazi yake ni kumfunza kushuku. Kifafa si pepo. Mama aliyejifungua juzi, anayelia na kumwogopa mtoto wake mwenyewe, yafaa aonwe na daktari leo, wala si wiki ijayo. Dawa nazo zina mambo yake. Efavirenz, iliyotumika sana hapa kwetu kwa miaka mingi katika kutibu virusi vya UKIMWI, iliwaletea baadhi ya watu ndoto za kutisha, kizunguzungu na huzuni. Mshauri aliyejua hilo aliuliza, “Dawa hii ulianza lini, na ndoto zilianza lini?” Asiyejua alichimba utoto wa mgonjwa, akitafuta chanzo mahali ambapo hakikuwapo.

Walakini ningependa kumtetea mwalimu mmoja ambaye mara nyingi husahauliwa, naye ni mwalimu wa lugha na desturi. Vitabu vingi vya kazi hii viliandikwa ng'ambo. Carl Rogers, Mmarekani, alitoa mwaka 1942 kitabu kilichobadili kazi ya ushauri, akifundisha kwamba mshauri asimwendeshe mtu bali amfuate. Somo hilo ni zuri. Lakini mwanafunzi aliyejifunza yote hayo kwa Kiingereza huketi na mzee anayemwambia, “Mwanangu, nina mawazo,” naye huuliza, “Mawazo gani?” kana kwamba mzee ana fikira za kueleza. Kila msemaji wa Kiswahili ajua kwamba mtu akisema ana mawazo, amebeba mzigo. Mtu atasema roho yake ni nzito, au mwili hauna nguvu, au kichwa kinajaa, wala hatalitaja neno la kitabuni hata mara moja. Tena kijana wa miaka ishirini na sita atamwulizaje mtu wa rika la baba yake habari za chumbani? Desturi zetu zina njia za kuyafikia maneno hayo kwa adabu: kwa mithali, kwa kupitia mtu wa makamo, kwa kuomba ruhusa kwanza. Njia hizo zaweza kufundishwa, na wa kuzifundisha ni wazee walio katika ukumbi huu.

Mwasema labda kwamba nadai mambo yasiyowezekana. Basi nitazame pamoja nanyi mahali pawili katika Afrika ambapo jambo hili lilijaribiwa.

Huko Abeokuta, Nigeria, katika hospitali ya Aro, daktari Thomas Adeoye Lambo alianza mwaka 1954 kuwaweka wagonjwa wa akili katika vijiji vilivyo karibu na hospitali, kila mmoja na jamaa yake wa kumwangalia, badala ya kuwafungia ndani ya kuta. Alishirikiana na waganga wa jadi, na baadaye na wataalamu wa elimu ya jamii. Aliona kwamba jamaa, kijiji na chakula cha nyumbani vina sehemu katika kupona, pamoja na dawa.

Mahali pa pili ni Harare, Zimbabwe. Daktari wa magonjwa ya akili, Dixon Chibanda, ameeleza hadharani jinsi mgonjwa wake mmoja, msichana, alivyojiua kwa kuwa jamaa yake walikosa nauli ya basi ya kumleta hospitali. Kutokana na huzuni hiyo alianza kazi mpya katika mtaa wa Mbare mwaka 2006, pamoja na akina nyanya 14. Nyanya hukaa na mtu kwenye benchi nje ya zahanati, humsikiliza, kisha humsaidia kuchagua tatizo moja la kulitatua kwanza. Daktari alilileta jambo lile kwa jina la afya ya akili, na watu hawakuja. Ni akina nyanya waliomwambia abadili jina, pakaitwa Benchi la Urafiki. Wao ndio waliolishika pia neno la Kishona, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Nalo ni ndugu wa neno letu la mawazo. Majaribio yalifanywa katika zahanati 24 kwa watu 573, na matokeo yakatangazwa mwaka 2016: baada ya miezi sita wale waliokaa kwenye benchi walikuwa na nafuu kubwa kuliko wale waliopata huduma ya kawaida.

Ndugu zangu, tusikosee somo la Harare. Halisemi kwamba elimu ya chuo haina faida na kila nyanya atosha. Akina nyanya wale walifunzwa, walisimamiwa, na walijua ni mtu gani wa kumpeleka mbele kwa daktari. Somo lenyewe ni kwamba daktari alifundisha na akafundishwa. Alipokubali kufundishwa, ndipo watu walipokuja.

Hapo ndipo nasema kwamba haitoshi chuo kuweka masomo mengi kwenye ratiba. Mwanafunzi aweza kusikia sheria Jumatatu, udaktari Jumanne na desturi Jumatano, na bado asijue kuzifunga elimu hizo katika furushi moja. Ninalopendekeza ni meza moja. Mara moja kila wiki mwanafunzi alete shauri alilokutana nalo, akiwa ameficha jina na kila dalili ya kumtambulisha mwenyewe. Mezani wawepo tabibu, mtu wa sheria, afisa wa watoto au wa ustawi wa jamii, mzee au mama mwenye busara, na mshauri mkongwe wa kuongoza. Kila mmoja aulizwe: wewe waona nini hapa ambacho sisi hatukioni? Mwanafunzi atajifunza mambo mawili kwa mara moja. Atajifunza wanayoyajua wengine, na atajifunza kikomo cha ayajuayo yeye.

Hilo la pili ndilo kubwa zaidi. Kuna hatari kwamba mtu aliyeonjeshwa kila elimu atajidhani bingwa wa zote, na mshika mawili moja humponyoka. Kwa hiyo mafunzo ya namna hii lazima yamtie mwanafunzi unyenyekevu. Ajue lini aseme, “Mama, hili lapita uwezo wangu, lakini namjua mtu wa kukusaidia, nitakuandikia barua, na Alhamisi uje uniambie umepokewaje.” Kumpeleka mtu kwa mwingine bila kumfuatilia ni kumtupa. Vilevile ajue mpaka wa siri. Neno la mwenye dhiki ni amana, lakini mtoto anapokuwa katika hatari, amana hiyo haiwezi kuwa kizuizi cha kumwokoa. Na yafaa mtu aambiwe hivyo mwanzoni, kabla hajafungua kinywa chake.

Wengine watauliza juu ya gharama. Nami nakubali kwamba fedha ni chache. Lakini watu ninaowataja tayari wako katika wilaya zetu. Tabibu yuko kituo cha afya, afisa wa watoto yuko ofisini kwake, na wazee wako nyumbani. Kinachokosekana ni meza, siku maalumu, na mtu wa kuwaita.

Na hapo, Bwana Mwenyekiti, ndipo Chama hiki kinapoingia. Ningependa kuweka mbele yenu mambo manne. Kwanza, chumba chenu cha halmashauri kitolewe alasiri moja kila wiki kwa meza hiyo, na wanafunzi wa vyuo vya ushauri walio karibu wakaribishwe. Pili, itengenezwe orodha ya milango yote ya msaada katika eneo hili: nani hupatikana, siku gani, kwa karatasi gani na kwa malipo gani, na orodha hiyo isomwe upya kila baada ya miezi sita, kwa maana orodha iliyochakaa humpoteza mtu. Tatu, liwekwe fungu dogo la nauli, ili asiwepo mtu katika eneo letu atakayeshindwa kumfikia daktari kwa kukosa pesa za basi, kama yule msichana wa Harare. Nne, akina mama wenu wanaowatembelea wagonjwa na wafiwa wapewe mafunzo na msimamizi, maana nao pia hubeba mizigo ya watu, na mbebaji asiyetuliwa huanguka njiani.

Sikuja kuwaomba mjenge chuo. Wazee wetu waliokaa barazani hawakuwa na chuo, bali walikuwa na desturi ya kuyatazama mambo yote ya mtu pamoja, kabla ya kutoa neno. Sisi tunayo elimu kubwa kuliko yao katika kila tawi. Imetubakia kuyarudisha matawi hayo kwenye shina moja, na kumfunza kijana wetu chini ya kivuli chake. Kidole kimoja hakivunji chawa, nayo elimu moja haimwinui mtu aliyeanguka.